Nikiwa kwa mama Kitwe, mimi ni msafiri au mwenyeji?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni mfanyabiashara wa Uyole, Mbeya. Mwezi ujao, inshaallah, natoka na mke wangu kwa basi, safari ya miezi miwili hivi. Tunaanzia Kitwe, Zambia, kwa kaka yangu mkubwa anayekaa na mama yetu. Hapo tutakuwa siku kumi. Kisha Lusaka siku mbili, halafu Johannesburg kwa dada, ambako nitafuatilia mzigo wa spea. Pretoria nako kuna binamu zetu. Hapo Lusaka yupo shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye hatusemezani naye tangu ugomvi wa shamba la babu kule Tukuyu. Jamaa wananiambia nisimpitie, ataniharibia safari. Je, nikiwa kwa mama na ndugu zangu naendelea kupunguza swala za rakaa nne ziwe mbili? Na huyo shangazi, inanilazimu kumwona?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Kuwepo kwa mama Kitwe hakuifanyi Kitwe kuwa kwenu kisheria. Makazi yako ni Mbeya. Muhajirina, yaani masahaba waliohama Makka kwenda Madina, walipoingia Makka pamoja na Mtume (s.a.w.) mwaka wa 8 Hijria walikuwa na jamaa zao pale, wengine hata nyumba, na bado walipunguza swala. Imam Shafii ameishika hoja hiyo. Kinachomtoa msafiri katika hukumu ya safari ni nia ya siku atakazokaa, awe amefikia kwa mama yake mzazi au kwenye nyumba ya wageni.

Kwa madhehebu yetu ya Shafii, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, anakuwa mkazi tangu anapofika. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Ukifika Ijumaa na kuondoka Jumanne, siku kamili ni Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, yaani tatu, basi unapunguza. Ukiondoka Jumatano zinakuwa nne, na unaswali rakaa nne tangu swala ya kwanza baada ya kufika. Usingoje siku ya nne ndipo uanze kutimiza, kwani nia ulikuwa nayo toka njiani. Msingi wake ni kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu Muhajirina kubaki Makka siku tatu baada ya kumaliza ibada ya hija, na wao walikuwa wamekatazwa kuifanya makazi tena. Kwa hiyo siku tatu hazimtoi mtu katika ugeni.

Kitwe basi, kwa siku zako kumi, unatimiza swala, hujumuishi, yaani huunganishi swala mbili kwa wakati mmoja, kwa ajili ya safari, na swala ya Ijumaa inakulazimu kama wakazi wengine. Mkitoka Kitwe kwenda Lusaka mnaanza safari upya: mnapunguza njiani na kwa siku mbili zote za Lusaka. Mke wako anafuata nia yako, kwa hiyo mwambie mapema idadi ya siku. Wapo wake wanaopunguza wiki nzima kwa sababu tu waume zao hawakuwaambia wanakaa muda gani.

Johannesburg inategemea mzigo. Ukijua tangu mwanzo kwamba hautakamilika kabla ya wiki mbili, wewe ni mkazi, timiza. Ukiwa unaambiwa "njoo kesho" na kweli unatarajia kuondoka siku yoyote ukiupata, unaruhusiwa kupunguza mpaka siku 18, kisha utimize hata kama mzigo haujatoka. Mtume (s.a.w.) alikaa Makka mwaka wa ufunguzi, ule wa 8 Hijria, muda wa namna hiyo huku akipunguza. Pretoria haibadilishi kitu ukishakuwa mkazi wa Johannesburg. Ni kama kilomita 60 tu, wakati safari ya kupunguza ni marhala mbili, yaani mwendo wa kale wa siku mbili, ambazo wengi wanazikadiria kilomita 82 au zaidi kidogo.

Waislamu wengi utakaokutana nao kule, Zambia na Johannesburg, ni wa madhehebu ya Hanafi. Watakwambia mgeni anapunguza mpaka anuie siku 15, na alasiri yao inaadhiniwa baadaye kuliko uliyozoea. Usibishane nao, na usichague siku hadi siku kauli iliyo nyepesi. Shika ya kwako. Ukiswali nyuma ya imamu mkazi unatimiza rakaa nne hata kama umemkuta kwenye rakaa ya mwisho. Kutoa salamu baada ya mbili na kumwacha imamu amesimama kunabatilisha swala yako. Wewe ukiwa imamu na ni msafiri, toa salamu baada ya mbili, kisha uwaambie kama alivyowaambia Sayyidna Umar watu wa Makka: timizeni swala zenu, sisi ni wasafiri.

Sasa njiani. Kupunguza kunaanza ukishayaacha majengo ya mji. Stendi bado ni Mbeya, Iyunga bado ni Mbeya, na kwa kuwa nyumba zimefululiza barabarani, ngoja mpaka uyapite majengo ya Mbalizi. Anayejumuisha adhuhuri na alasiri akiwa stendi kwa hofu kwamba basi halitasimama, alasiri yake haijasihi, kwa sababu safari haijaanza. Kutoka Mbeya hadi Tunduma peke yake ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo mizani ya umbali umeitimiza kabla hata ya mpaka.

Ukijumuisha kwa kutanguliza, anza na adhuhuri, nuia kujumuisha ukiwa ndani yake, na alasiri ifuate papo hapo bila mwanya wa kwenda kununua mahindi ya kuchoma. Ukichelewesha, nuia kuchelewesha kabla wakati wa adhuhuri haujatoka. Bila nia hiyo umeiacha swala ipite wakati wake, na hilo ni dhambi. Kuna jambo linalowapata hasa wanaokwenda kwa ndugu: mtu amechelewesha adhuhuri, anafika kwa kaka yake jioni, wanamshushia mizigo, salamu, chai, kisha anataka aswali mbili mbili. Kwa kuwa amenuia kukaa siku kumi, safari imeisha alipofika. Anaswali nne nne, na ile adhuhuri inahesabiwa kadha, yaani swala iliyolipwa baada ya wakati wake kupita. Ziswali kituo cha mwisho kabla ya kuingia Kitwe, kwa kusimama chini na kuelekea kibla, maana swala ya faradhi haiswaliwi umekaa kwenye kiti cha basi kwa mtu anayeweza kushuka.

Kibla huko kote, Kitwe, Lusaka na Johannesburg, ni kaskazini kikielekea mashariki kidogo, karibu sawa na Mbeya. Saa ndiyo inayochanganya. Ukivuka Tunduma kuingia Nakonde, upande wa Zambia, saa inarudi nyuma saa moja, na simu inajibadilisha yenyewe, lakini jua ni lile lile. Magharibi ambayo Tunduma unaiswali kama saa 12:45 jioni, Nakonde simu itaonyesha kama saa 11:45. Anayengoja mpaka simu iseme 12:45 kama alivyozoea nyumbani atakuta isha inakaribia na magharibi inamponyoka. Tazama jua, au badilisha mji kwenye ratiba yako ya swala.

Nyumbani kwa kaka nako kuna adabu zake. Ugeni ni siku tatu, na zaidi ya hapo ni sadaka ya mwenyeji, na Mtume (s.a.w.) amekataza mgeni kukaa mpaka amtie mwenyeji wake dhiki. Siku kumi za watu wawili ni mzigo hata kwa ndugu wa tumbo moja. Kuanzia siku ya nne ingia sokoni wewe, nunua unga, mboga, mkaa, bila kungoja kuambiwa. Mchele wa Kyela ni zawadi nzuri, ila uliza kwanza mpakani masharti ya kuvusha mazao, usije ukanyang'anywa au ukashawishika kutoa rushwa. Usikope kwa ajili ya zawadi.

Shemeji yako, mke wa kaka, si maharimu wako, yaani si katika wale ulioharamishiwa kuwaoa milele. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu ndugu wa mume alisema huyo ni mauti, kwa ukubwa wa hatari yake, kwa sababu watu hawamwogopi. Kaka akiwa kazini, msibaki wawili peke yenu ndani. Akiwepo mama, faragha imeondoka. Mama akienda hospitali au msibani, toka nawe, nenda msikitini. Binamu wa Pretoria, wale wa kike, si maharimu vilevile, kwa hiyo kukumbatiana kwa furaha ya kuonana hakufai, hata kama mmelelewa pamoja.

Nimerefusha ya swala, lakini la shangazi ndilo zito zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu. Ndiyo, inakulazimu kuunga naye udugu. Shangazi ni katika jamaa wa karibu kabisa, na Mtume (s.a.w.) amesema si halali Muislamu kumhama mwenzake, yaani kumsusa, zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu anageuka huku na yule kule, na mbora wao ni anayeanza salamu. Amesema pia kwamba muunga udugu si yule anayelipa wema kwa wema, ni yule anayeuunga unapokatwa. Kumpita Lusaka, umbali wa nauli ya daladala, na umekwenda mpaka Johannesburg, ni kuukata kwa makusudi.

Mpigie simu ukiwa Kitwe, au mwombe mama ampigie kwa niaba yako, kwani yeye ni wifi yake na pengine neno lake litapokelewa. Usimtokee ghafla wala usiku. Nenda na mkeo, kaeni muda mfupi. Shamba usilitaje siku hiyo ila akilianza yeye. Akikataa kukupokea, wewe umetoa salamu na umeondokana na dhambi ya kuhama, lakini endelea kumtumia salamu.

Kabla ya kuondoka Mbeya, lakini, lichunguze lile shamba. Mila nyingi za huku nyanda za juu zinampa ardhi mtoto wa kiume, na binti aliyeolewa mbali anahesabiwa hana chake. Qur'ani haikusema hivyo: sura ya 4, aya ya 11 inampa binti nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Ikiwa babu alifariki akiacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike tu, na deni na wasia vimeshatolewa, mali inagawanywa mafungu 24: bibi 3, baba yako 14, shangazi 7. Kama shamba ni ekari 6, kila fungu ni robo ekari, na shangazi ana ekari moja na robo tatu. Na ikiwa bibi naye alifariki baadaye kabla ya baba yako, bila mrithi mwingine ila watoto wake hao wawili, fungu lake linawarudia, 2 kwa baba yako na 1 kwa shangazi, naye anakuwa na ekari 2 kamili.

Ekari hizo hazikuwa za baba yako, kwa hiyo hamkuzirithi ninyi. Kama mnazilima au mmezikodisha, mnakula mali ya mtu, na salamu tu hazitoshi. Warithi wakiwa zaidi ya hao hesabu inabadilika, basi nenda kwa kadhi wa mkoa na majina yote ya waliokuwa hai siku babu alipofariki, uandikiwe mgawanyo. Kaka na dada zako waridhie kwa maneno yao, maana huwezi kutoa kwa niaba yao. Nakala ya karatasi hiyo uiweke kwenye begi, na shangazi akiuliza habari ya shamba, mpe aisome.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.