Jibu: EBITDA imepanda, faida imeshuka, inawezekanaje?

Habari ndugu. Umeuliza inakuwaje kampuni ya simu uliyonunua hisa zake itangaze EBITDA imepanda, huku faida baada ya kodi imeshuka na gawio limepungua. Si lazima kuwe na udanganyifu.

EBITDA ni faida kabla ya kutoa riba, kodi na uchakavu wa mitambo na leseni. Chukua EBITDA ya bilioni 40. Toa uchakavu 22, zinabaki 18. Toa riba 10, zinabaki 8. Kodi ya asilimia 30 ni 2.4, kwa hiyo mkononi una faida ya bilioni 5.6 tu.

Kwanza angalia mstari wa gharama za fedha. Kama kampuni ina mkopo wa dola na shilingi imeshuka, hasara ya mkopo huo kuwa mkubwa kwa shilingi huandikwa chini ya EBITDA, kwa hiyo ukiishia juu huioni.

Halafu kuna hili linalowapoteza wengi: tangu 2019, kanuni ya IFRS 16 (kanuni ya kimataifa ya uhasibu kuhusu mikataba ya kukodi) imehamisha sehemu kubwa ya pango la minara kutoka gharama za uendeshaji kwenda kwenye uchakavu na riba. EBITDA ikapanda bila shilingi mpya kuingia! Usiilinganishe hivi hivi na ya 2018.

Kuhusu gawio, achana na EBITDA kabisa. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha, chukua fedha zilizotokana na uendeshaji, toa ununuzi wa mitambo, kisha toa malipo ya pango, ambayo mara nyingi yamewekwa huko chini pamoja na marejesho ya mikopo. Kinachobaki ndicho kinachoonyesha uwezo wa kulipa gawio.