Maswali yenu: furaha, mawazo, na ile "miendo mitano" ya Wachina

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya mti, moto, udongo, chuma na maji, yale matano ya Wachina, na jinsi nilivyoyakuta kwenye maisha ya kawaida ya watu nilipokaa Guangzhou miaka sita. Basi meseji zikamiminika. Nimechagua tano, zingine mnisamehe, na moja nimeijibu kwa urefu kuliko zote kwa sababu naona inatugusa wengi.

*Anti shikamoo. Mi nimezaliwa 1997. Kuna vidio nimeona inasema watu wa 97 ni moto, na furaha yangu haikai kwa sababu nakosa mti wa kuulisha huo moto. Nikanunua bangili ya mawe ya kijani, elfu themanini. Huu mwezi wa tatu sioni tofauti. Niendelee kuivaa? — Kijana wa Mbagala, Dar*

Marahaba mwanangu. Bangili kama inakupendeza ivae, ila acha kuisubiria, maana hiyo hela ilienda kwenye hesabu ya nusu nusu. Ni kweli 1997 ni mwaka wa ng'ombe wa moto, miaka inayoishia na 6 na 7 ni moto, 8 na 9 udongo, 0 na 1 chuma, 2 na 3 maji, 4 na 5 mti. Lakini mwaka wao hauanzi tarehe 1 Januari, ule ulianza tarehe 7 Februari, na wale wanaopiga hiyo hesabu huko kwao wanachukua mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja kina herufi mbili, jumla nane. Aliyekuuzia katumia mbili, zile sita zingine hakukuuliza hata.

Ila mi kinachonisikitisha zaidi ni hilo neno "nakosa". Wenyewe wanaiita wuxing. Wu ni tano, xing ni kwenda, mwendo. Kwa Kikantoni, lugha ya mtaani Guangzhou, herufi hiyohiyo ndo wanayotumia kila siku kusema kutembea, na kwa Kimandarini ukimwambia mtu jambo akakubali anakujibu "xing!", yaani sawa, inakwenda. Mwanafalsafa mmoja, Zou Yan wa dola ya Qi, miaka ya 200 na kitu kabla ya Kristo, aliitumia kueleza kwa nini tawala zinapokezana, moja ikichoka nyingine inaingia. Kwahiyo tokea zamani ni habari ya zamu. Mti unalisha moto, moto unaacha majivu yanakuwa udongo, udongo unazaa chuma, chuma kinakusanya maji (ona umande kwenye bati asubuhi), maji yanaotesha mti. Na upande wa pili zinazuiana, mti unapasua udongo, udongo unakinga maji, maji yanazima moto, moto unayeyusha chuma, chuma kinakata mti. Zote tano unazo, hakuna aliyezaliwa bila moja. We jiulize tu sasa hivi uko kwenye zamu ipi na nini kimegoma kusogea.

*Huku kwetu mzee akikuangalia nyota hukwambia yako ni ya moto, au ya udongo, au ya upepo, au ya maji. Nne. Wachina mbona tano, na upepo wameutupa wapi? Tena haya mambo ni halali kweli? — Mama wa Mji wa Kale, Mombasa*

Mama swali zuri sana hili. Zile nne zetu za pwani zina safari ndefu, zimetoka kwa Wayunani wa kale, zikaingia kwenye vitabu vya Waarabu, zikafika kwetu na elimu ya nyota. Upepo Wachina hawajautupa, wameuweka chini ya mti, pamoja na masika ya kwao na ini. Na kuna mtu alishakaa akaumiza kichwa na swali lako hilohilo, Liu Zhi, mwanachuoni Mwislamu wa Nanjing, mwanzoni mwa miaka ya 1700 aliandika kwa Kichina juu ya Uislamu na akajaribu kuzikalisha pamoja zile nne za vitabu vya Kiislamu na hizi za kwao. Waislamu wa kule si wa jana, msikiti wa Huaisheng pale Guangzhou ni wa zamani mno na mpaka leo unasaliwa.

Kuhusu halali hilo muulize shehe wako, mi si mahali pangu. Nakwambia tu mpaka niliojiwekea mwenyewe: kutabiriwa siku zangu sitaki, ni ramli tu hata ikivaa nguo za Kichina. Nilichobaki nacho ni majira, chakula na kuijua tabia yangu. Maana maandishi yenyewe ya zamani ni ya kawaida mno, kuna sura kwenye kitabu chao cha kale, inaitwa Hong Fan, inasema maji yanalowesha na kushuka, moto unawaka na kupanda, mti unapinda na kunyooka, chuma kinakubali kugeuzwa, udongo unapokea mbegu na kutoa mavuno. Basi. Na sura hiyohiyo mwishoni inataja heri tano, ambazo ni umri mrefu, mali, afya na utulivu, kupenda wema, na kufa kifo cha kawaida baada ya kuyamaliza maisha yako. Ukiona popo watano wamechorwa kwenye sahani au kitambaa cha Kichina ndo hizo, kwasababu popo na heri kwa Kichina zinatamkwa sawa, fu. Hebu angalia hiyo orodha mama, hamna hata moja inayosema kucheka kutwa nzima.

*Anti, mimi ni mhasibu huku Mwanza, nina watoto wawili, mume yuko mgodini Geita anarudi mara moja kwa mwezi. Kiukweli kila kitu kiko sawa, ada tumelipa, nyumba tunamalizia kupaua. Lakini usiku nikiweka kichwa kwenye mto kinaanza, hesabu za ofisi, mama mkwe, mabati, mpaka saa tisa. Chakula hakipiti. Watu wananiambia si ufurahi tu jamani, na mi nashindwa. Naitafutia wapi hiyo furaha?*

Mdogo wangu, hii nimeisoma mara tatu. Na nianze na lugha yetu wenyewe. Sisi mtu akikonda akiwa kimya tunasema "ana mawazo". Hatusemi anawaza nini, mawazo yenyewe ndo ugonjwa. Wachina nao wako hivohivo, wana neno "si", maana yake kufikiri, na ni hilohilo la kutafuna jambo usiku kucha. Kitabu chao kikuu cha utabibu, Huangdi Neijing, kina kama miaka 2,000, kinasema hasira hupandisha chi (tuseme pumzi ya uhai), furaha huilegeza, huzuni huimaliza, hofu huishusha, na mawazo huifunga fundo. Sisi si tunasema hasira zimepanda? Na mtu akiogopa si tumbo joto, na maneno mabaya si yanakukata maini? Mi nilipoyasoma haya Guangzhou nilihisi kama naongea na bibi yangu.

Sasa mawazo wameyaweka kwenye udongo, na udongo ni tumbo na bandama. Ndo maana chakula hakipiti. Udongo kazi yake ni kubeba na kulisha wengine, na wewe umebeba nyumba, ofisi, na mume aliye mbali, umekuwa udongo wa watu wote, asa udongo ukishindiliwa sana hata maji hayapiti. Hao wanaokwambia ufurahi wanakuongezea moto, na moto unazaa nini? Udongo tena.

Kinachopasua udongo ni mti, na hisia ya mti ni hasira. Kuna kisa cha Hua Tuo, tabibu mashuhuri aliyekufa mwaka 208. Mkuu wa jimbo mmoja aliugua, Hua Tuo akaona huyu dawa yake ni kukasirika sana. Akapokea zawadi nyingi, hakumtibu, akaondoka zake na kuacha barua ya matusi. Mkuu akatuma watu wamfuate wamuue, mwanawe alikuwa anaijua siri akawazuia, mzee akazidi kuwaka mpaka akatapika damu nyeusi, akapona. Sasa sikutumi ukagombane na mama mkwe! Mti una ile hasira lakini una na kuchomoza, kusukuma, kunyoosha mwili, kuanza kitu. Huko ndo pakukimbilia.

Mi mwenyewe mwaka 2013 mzigo wangu ulikwama wiki saba, wakala hapokei simu, hela ya watu imo humo, silali. Jirani yangu mama wa miaka 71, hakuwahi kuniambia nifurahi wala hakuuliza mzigo umefikia wapi. Saa kumi na mbili asubuhi anagonga mlango, anasema neno moja tu, haang, twende. Tunapanda ngazi za bustani ya Yuexiu mpaka kwenye ile sanamu ya mbuzi watano, njiani wazee kibao, wengine wanatembea kinyumenyume, wengine wanajigonga migongo kwenye miti, wengine wanacheza ule mchezo wa wanyama watano wa huyohuyo Hua Tuo, chui milia, paa, dubu, nyani na ndege. Hua Tuo alimwambia mwanafunzi wake kwamba bawaba ya mlango haiozi kwa sababu inazunguka kila siku. Tukirudi ananipa supu ya kiazi kikuu, maana utamu wa asili kama ule wa kiazi, boga na mtama ndo ladha ya udongo na unabembeleza tumbo. Kama siku ya kumi hivi nikalala mpaka asubuhi, na mzigo bado ulikuwa umekwama.

Kwahiyo wewe nikuombe hivi. Alfajiri kabla watoto hawajaamka toka, panda kile kilima cha Capri Point au zunguka tu mtaani kwako, dakika thelathini, na simu iache ndani. Jioni kabla ya kula andika kwa mkono kwenye daftari yale yote, mabati, hesabu, mama mkwe, afu lifunge daftari liweke jikoni, lisiingie chumbani. Na anzisha kitu kimoja kinachoota, hata mchicha kwenye ndoo. Mume akirudi mwezi huu mwambie achukue jambo moja kati ya hayo, moja zima, asikusaidie tu, alibebe. Na hili naliweka wazi: usingizi ukiendelea kukata wiki mbili tatu mbele, au ukianza kuona kuishi kwenyewe ni mzigo, nenda hospitali uongee na daktari, usisubiri mchicha.

*Ni kweli Wachina wanasema furaha inaua? Mume wangu ananiambia nisicheke sana. — Morogoro*

Cheka mama. Wanaihesabu furaha pamoja na hasira na huzuni kwa sababu ikipitiliza inachosha moyo, ule msisimko wa kutolala, sherehe juu ya sherehe, mtu hatulii. Hiyo wanaiita xi. Wana na neno lingine, le, raha iliyokaa, na watu wazima kule wanapenda kusema zhi zu chang le, anayejua kinachomtosha ana raha siku zote. Kucheka jikoni kwako na watoto hakujawahi kuharibu moyo wa mtu.

*Anti, nasoma Hangzhou mwaka wa pili. Baba alifariki mwezi wa saba, nikashindwa nauli ya kurudi kuzika. Nyumbani wameshamaliza arobaini, wako sawa, mi ndo nimeanza kulia sasa hivi huu mwezi wa kumi, kila majani yakianguka. Nina shida gani? — Mtoto wa Tanga*

Pole sana mwanangu, Mungu amrehemu baba. Huna shida yoyote. Nyumbani walilia pamoja, wakachimba, wakapika, wakakesha, wewe ulikuwa na mtihani na simu tu. Sasa kipupwe cha huko kimefika, na kwa wenyeji wako hii ndo zamu ya chuma: mapafu, kilio, kukata na kuachia. Vitabu vinasema furaha inashinda huzuni kama moto unavyoyeyusha chuma, lakini usiukimbilie huo moto, usiende kujisahaulisha na marafiki wa disko. Chuma kinazaa maji kwanza, acha yatoke.

Tafuta Watanzania wenzako hapo mjini, hata wanne, mpike ubwabwa, msomeeni baba dua kama matanga yanavyotakiwa, haijalishi imechelewa. Wachina wenyewe siku ya tisa ya mwezi wa tisa wa kalenda yao, inayoangukia Oktoba au karibu na hapo, wanapanda milima na kuwakumbuka wazee, nenda nao. Msimu huu Hangzhou yote inanukia ile miti ya guihua, maua madogo ya njano, pita chini yake taratibu. Afu sokoni nunua peasi mbili, zikate, sukari ya mawe vipande viwili vitatu, maji yazifunike, chemsha moto mdogo mpaka ziwe laini. Ni kinywaji chao cha majira haya cha kulainisha kifua. Kunywa kikiwa cha moto, na ukiwa unakunywa mpigie mama yako, umuulize baba alizikwa vipi, akusimulie mwanzo mpaka mwisho.