Aliyekosa Imani Si Mumeo

*Shangazi, shikamoo. Nimechoka kubeba msalaba peke yangu. Binti yetu wa miaka saba ana selimundu. Mume wangu aliachishwa kazi kiwandani, sasa anaendesha bodaboda ya mtu. Mimi nafunga, nakesha, natoa. Yeye haombi, akirudi analala tu, na siku hizi hela anaficha kwa mama yake. Nabii ametufunulia kwamba ugonjwa wa mtoto umetoka kwa huyo huyo mama mkwe. Akija kwetu anamlazimisha mtoto kunywa maji, kikombe baada ya kikombe, na nabii anasema ndani ya maji hayo kuna kitu. Mwezi uliopita mtoto alizidiwa usiku, mume wangu akanifokea mpaka majirani wakatoka. Nizidi kumtegemea Mungu humu ndani au niondoke? Mama Mwombaji, Mwanza.*

Marahaba, mwanangu, na pole. Mtoto wa selimundu akishikwa na maumivu ya mifupa usiku, mzazi hajui amshike wapi. Hilo silichezei. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeifupisha, ila kuna sentensi moja sikuiweka hapo juu, nimeihifadhi kwa ajili ya jibu. Katikati ya habari za mkesha umeandika, kama mtu anayepita mbiombio mbele ya duka analodaiwa, kwamba hela ya dawa za mwezi huo "uliipanda" madhabahuni. Basi! Kumbe mwanamume alirudi kutoka kwenye pikipiki akakuta mtoto anaungua homa na dawa hakuna. Ulitaka akuimbie pambio? Mimi ningefoka kuliko yeye. Na sasa tunajua kwa nini hela zimehamia kwa mama yake.

Tuje kwa huyo mama, maana umemchafua. Selimundu hairushwi na mtu. Mtoto huzaliwa nayo, na ili azaliwe nayo ni lazima apokee kutoka pande zote mbili, kwa baba na kwa mama. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima wa afya, kila mmoja amebeba vinasaba vyake kimyakimya, na kila mimba ikawa na uwezekano wa mtoto mmoja kati ya wanne kuugua. Nusu ya hiyo unayoiita laana umeitoa wewe, kwenye ukoo wako. Mbona nabii hakufunuliwa hilo?

Na maji! Chembe nyekundu za damu za mtoto huyo hupinda na kuziba mishipa midogo, ndiyo maumivu yenyewe. Kukaukiwa maji huyachochea, baridi huyachochea, homa na malaria vivyo hivyo. Kila kliniki ya selimundu inawaambia wazazi: mnyweshe maji mengi. Yule bibi alisikiliza. Wewe ulikuwa kwenye mkesha.

Umeniuliza habari ya kumtegemea Mungu, nami ni mtu wa kanisani, siwezi kukwepa. Mfalme Hezekia alipougua, Isaya alimletea neno la Bwana kwamba ataongezewa miaka 15. Isaya huyo huyo akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Neno na dawa vilitoka mdomo mmoja. Nabii Elisha alipomponya Naamani ukoma alikataa zawadi zake zote. Aliyekimbilia gari la mgeni kudai fedha na mavazi ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, na ukoma ukamhamia. Nabii wako anafanana na yupi kati ya hao wawili, jijibu mwenyewe.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba dhiki ya Asia ilimlemea yeye na wenzake kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Hakuona haya kusema amezidiwa. Eliya aliomba afe, akajilaza chini ya mti. Malaika hakumkemea kwa kukosa imani. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamwamsha ale tena. Kwa hiyo usinidharaulie mumeo kwa usingizi wake. Halafu umejuaje kwamba haombi? Mtu anayepandisha abiria vilima vya Bugarika gizani, kwenye pikipiki ambayo jioni lazima apeleke hesabu ya mwenyewe, anaomba kila kona.

Ndoa za siku hizi, jamani. Zamani tulipambana na nyumba ndogo. Leo mwanamke anamficha mumewe namba ya siri ya simu lakini nabii anaijua. Siri za chumbani zinatolewa ushuhuda kwenye kipaza sauti. Mume akihoji sadaka, anaambiwa ana roho ya upinzani. Maandiko yanasema asiyewatunza walio wa nyumbani mwake ameikana imani. Soma Timotheo wa kwanza, sura ya tano, kabla hujafunga tena.

Usiondoke. Anayepaswa kuachwa hapo ni nabii.

Jumatatu mpeleke mtoto kliniki, na mumeo awepo, na kadi ya mtoto. Waeleze bila kupunguza kwamba alikatishwa dawa. Vidonge vya foliki asidi ni vya kila siku, na uulizie haidroksiurea, dawa ya kupunguza maumivu hayo yasijirudie, kama inamfaa. Chandarua, sweta upepo wa ziwa ukianza kuvuma, chupa ya maji kwenye begi la shule. Akipata homa au akihema kwa shida, hospitali saa hiyo hiyo. Utamwombea mkiwa njiani.

Kwa mkweo usipige simu. Nenda na kilo zako za sukari, piga magoti, mweleze ulichokuwa ukikiamini juu yake. Na hela zibaki huko huko kwake. Usiziulizie mpaka mumeo mwenyewe aamue kuzirudisha nyumbani.