Uliza Maabara: Kimeng'enya kikisafishwa mno, mbona kinagoma?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nasoma biokemia, mwaka wa pili. Tumefundishwa kwamba RNA polimerasi (kimeng'enya kinachonakili DNA kuwa RNA) ya bakteria E. coli ilipozidi kusafishwa iliacha kunakili jeni. Si kusafisha ni kuondoa uchafu tu? Halafu sigma, kijisehemu cha kimeng'enya hicho, wanasema ina uzito wa kilodaltoni 70, ila kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa naiona karibu na 90. Nani muongo? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Muongo hayupo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Richard Burgess alikuwa Harvard akiisafisha polimerasi hiyo. Akaipitisha kwenye kolamu (mrija wa kuchujia) ya fosfoselulosi, ambayo ina chaji hasi. Kiini cha kimeng'enya, yaani kimeng'enya bila sigma, kikanasa, akakitoa kwa chumvi. Kilikuwa safi kweli, lakini kikipewa DNA ya virusi T4, karibu hakuna kitu. Kikipewa DNA ya tezi ya ndama, kinachapa kazi.

Hapo ndipo penye utamu. Mwingine angesema kimekufa, akamwaga. Lakini kimeng'enya kilichokufa kingegoma kwa DNA zote, hakina sababu ya kuchagua! DNA ile ya ndama imejaa mikatiko, na kiini huweza kuanzia hapo bila kutafuta promota, yaani sehemu ya DNA ambapo kunakili jeni huanzia. Ya T4 ilikuwa nzima. Ilihitaji wa kuonyesha pa kuanzia. Majimaji yaliyopita kwenye kolamu bila kunasa yaliporudishwa, T4 ikanakiliwa tena. Sigma, yule wa kuonyesha pa kuanzia, ilikuwa humo. Burgess, Andrew Travers na wenzao walichapisha habari hiyo mwaka 1969.

Mbona sigma haikunasa? Ina asidi amino nyingi zenye chaji hasi, na hasi kwa hasi hazishikani. Sifa hiyo hiyo ndiyo inayochangia kukuchanganya kwenye jeli: SDS, ile sabuni inayoshika protini na kuzivuta kwenye jeli, nayo ni hasi, kwa hiyo protini ya namna hii huibeba kidogo kuliko kawaida, ikatembea polepole, ukaiona nzito. Uzito wenyewe uhesabu kutoka kwenye mfuatano wake: asidi amino 613, ambazo ni kama kilodaltoni 70. Jeli chukulia kama makadirio.

Ukianza kusafisha mwenyewe, kilichopita kolamu kiandike lebo ukiweke kwenye barafu hadi upime kila sehemu, peke yake na zikichanganywa. Na usipime kwa DNA ya aina moja. Wanafunzi wengi hukimbilia ile ya ndama kwa sababu inatoa namba kubwa, na namba hizo hazikwambii lolote kuhusu promota.