Everest au Mauna Kea, nani mrefu?

Swali: Asalaam alaykum. Mwanangu wa skuli hapa Wete anabisha mlima mrefu duniani ni Mauna Kea wa kule Hawaii, mie najua Everest. Nani mkweli? Na hiyo volkano ishakufa?

Jibu: Waalaykum salaam mama yangu. Nyote wakweli, ila kila mtu kaanza kuhesabu pahala pake. Sisi wapima ardhi swali letu la mwanzo ndo hilo, sifuri tunaiweka wapi? Kawaida kwenye usawa wa bahari, lakini bahari yenyewe haitulii, nenda gatini siku ya bamvua uone, asubuhi maji yamefunika nguzo, yakipwa nguzo ile ile iko wazi kupita kimo cha watu wawili, chaza wote nje. Kwa hivo tunachukua wastani wa maji kujaa na kupwa wa miaka mingi, hapo ndo sifuri. Kwa kipimo hicho Everest ni mita 8,848.86, walivotangaza Nepal na China mwaka 2020, na Mauna Kea mita 4,207 tu, hata Kilimanjaro yetu ya 5,895 inaupita.

Mtoto yeye kaanzia sakafu ya Pasifiki. Mlima ule sehemu kubwa iko ndani ya maji, na kutoka huko chini mpaka kileleni ni zaidi ya mita 10,000. Itizame Pemba yenu (si volkano, ila mfano mzuri), juu unaona vilima vya mikarafuu tu, lakini mkondo baina yenu na Tanga una kina cha mamia ya mita, maji yakiondoka mtaona mnakaa juu ya mlima khasa.

Tabu ni kwamba Mauna Kea kwa uzito wake umeididimiza hata ile sakafu iliyoubeba, sasa mguu wake unaanzia wapi? Kila mtu atasema lake. Usawa wa bahari mpimaji mwengine akija anapata jibu lile lile, ndo maana mie naushikilia.

Na haijafa, imelala. Iliripuka mara ya mwisho kama miaka 4,500 nyuma, kwa volkano huo usingizi mdogo, inaweza kuamka. Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, pia imelala tu.

Kwenye mtihani aandike Everest, na mbele yake "kutoka usawa wa bahari", asiyaache hayo maneno.