Uliyeanza kazi nyumba ya wageni Shela, tazama maji kwanza

Umeajiriwa juzi kutunza nyumba ya wageni ukingoni mwa bahari, hapa Shela, kisiwani Lamu, au ng'ambo, kisiwa cha Manda. Umekabidhiwa funguo, daftari la hesabu na orodha ya shuka. Shuka utazizoea kwa wiki moja. Mimi kilichonichukua misimu miwili kukijua ni maji, na ndiyo nataka tuyazungumze.

Nianze na aibu yangu. Msimu wangu wa kwanza nilipokea familia ya watu sita, bibi yao akitimiza miaka 70. Wakataka chakula cha jioni upande wa Manda. Nikaagiza meza, nikaagiza keki, nikamwambia nahodha awavushe jua likitua na awarudishe saa nne usiku. Nahodha alikuwa kijana kama mimi. Alipofika akaifunga boti, akaenda zake jikoni kunywa chai. Saa nne wageni wametoka na shangwe zao, boti iko juu ya mchanga mkavu, imelala ubavu, maji yako mbali yanametameta. Walikaa pale mpaka saa saba. Bibi alifunikwa kitambaa cha meza.

Asubuhi yake mzee mmoja baharia hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Jana mwezi ulikuwa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilijua tarehe ya Kizungu, nilijua namba ya ndege yao, mwezi sikuujua.

Shika hili basi. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hukupwa sana, na tofauti ya kujaa na kukupwa hukaribia mita 3. Siku za bamvua pwani yetu hii bahari hujaa mnamo saa kumi au saa kumi na moja alasiri, kisha hukauka mnamo saa nne au saa tano usiku, ndiyo saa mgeni anapomaliza kula. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, hata ikifika wiki moja mambo yamegeuka: ni maji mafu, bahari haiendi mbali, na usiku ule ule wa saa nne boti inaelea ngazini. Kwa hiyo ukijua leo mwezi ngapi, bila simu wala jedwali, unajua mgeni wako atarudije. Usipojua, uliza msikitini. Hapa hakuna asiyejua.

Mimi siku za maji mafu ndizo huwapeleka wageni kula ng'ambo. Siku za bamvua nawashauri wale Shela kwenyewe, waende na warudi kwa miguu, au tuwapikie juu darini. Wakishikilia kuvuka, nahodha haifungi boti ikaachwa: anaitia nanga kwenye kina na anakaa ndani yake. Na wageni nawaambia mapema wavae viatu vya kuloa, maana huenda wakatembea majini hadi magotini. Mtu aliyeambiwa mapema hucheka. Asiyeambiwa hudai apunguziwe pesa.

Bamvua hiyo hiyo ina kisa kingine mchana. Njia ya ufukweni kati ya mji wa Lamu na Shela, kilomita 3 hivi, alasiri humezwa na maji hadi kwenye kuta. Mgeni aliyekwenda mjini asubuhi kutazama ngome na kula chakula cha mchana sokoni, akarudi saa kumi kwa miguu, utamkuta amebeba viatu mkononi na kamera kichwani. Mwekee boti ya kumrudisha.

Upepo nao usiudharau. Kaskazi, tangu Desemba hadi Machi, bahari ya nje huwa tulivu na samaki ni wengi: nguru, jodari, kolekole, changu. Kusi likishika, wavuvi wadogo hawatoki nje ya mwamba kila siku, na samaki hupungua na kupanda bei. Mgeni wa Julai aliyeahidiwa kamba wakubwa kila usiku ameahidiwa uongo. Usiahidi samaki ambaye hajafika jikoni. Mwambie mpishi ataamua saa tatu asubuhi wavuvi wakishapita, na uwe na pweza au kuku wa akiba. Mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekaza, sehemu nyingi za kula hufungwa kabisa. Nenda uhakikishe kwa miguu yako nani amefungua, usitegemee bango.

Maji matamu sasa. Vilima vya mchanga vilivyo nyuma ya Shela si mandhari tu. Mvua hunywea humo, na chini yake ndimo mlimo na visima vinavyonywesha Shela na mji wa Lamu. Manda hawana bahati hiyo. Maji yao ya ardhini yana chumvi, na wengi husema ndiyo sababu mji wa Takwa, ambao leo ni magofu, uliachwa karne ya 17. Ukiajiriwa Manda, maji yako huja kwa chombo au kwa mashine ya kuondoa chumvi, na kila ndoo ina bei. Gonga tangi kila asubuhi usikie limefika wapi. Stima ikipotea pampu haivuti, na wageni kumi waliotoka baharini watataka kuoga wote kwa pamoja. Waeleze siku ya kwanza, kwa upole, kwamba maji wanayoogea ndiyo anayokunywa jirani. Sijaona aliyekasirika.

Jirani mwenyewe usimsahau. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta, na muziki wa darini husikika msikitini. Pita barazani useme masalkheri hata kama una haraka, na ukisubiri kugombana ndipo ujuane na watu, umechelewa. Wageni waambie wakitoka ufukweni kuingia vichochoroni wajifunike, wanaume pia. Ramadhani, mchana mikahawa mingi ya mji hufunga, hivyo chakula cha mchana ni juu ya jikoni lako. Na mpishi wako amefunga: hawezi kuketi akionja mchuzi. Wetu huwaomba wageni wenyewe waonje chumvi, na wamekuja kuupenda mchezo huo.

Kuhusu kamisheni, nitasema ninavyoona mimi na wenzangu wengine hawakubaliani nami. Utaambiwa: leta wageni kwetu, kila meza una chako. Mara moja ukichukua, hutaweza tena kumwambia mgeni kwa moyo mweupe kwamba pale kwa mama anayeuza viazi karai na mishikaki ya makaa ni patamu kuliko hoteli, kwa sababu mama yule hana cha kukupa. Na huko ndiko wageni wangu wengi wamefurahi zaidi. Bakshishi ni jambo lingine. Iingie sanduku moja, igawiwe mpishi, msafishaji, mlinzi na nahodha, mbele ya wote. Nyumba zilizokuwa zikificha bakshishi ndizo zilizokuwa zikibadilisha watu kila msimu.

Ukiwaandikia wageni kabla hawajaja, wakumbushe mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, wasije nayo. Na ukipanga saa, andika saa zao. Niliwahi kumwambia mgeni boti ni saa mbili, naye akaja kusimama ngazini jua la saa nane likimchoma.

Siku ya kuondoka huanza jana yake. Tazama maji tena: yakiwa yamekauka, boti haitafika ngazini, na masanduku yatabebwa begani hadi kwenye kina, kwa hiyo tafuta vijana wawili mapema na utenge nusu saa ya ziada kabla ya kuvuka kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Mzigo utangulie, wageni wafuate wakiwa wamekunywa chai. Kisha, kabla nahodha hajawasha mashine, hesabu funguo. Hizi zetu za milango ya mbao ni kubwa na huingia mfukoni kama ukumbusho. Nimeshazifuata uwanjani mara tatu, mara moja ndege ikiwa imeanza kupakia abiria.