Mtoto amekunywa dawa za minyoo mara tatu, tumbo bado linauma: mpime choo, na umpime tena

Dada, umesema mwanao wa miaka 6 amekunywa dawa za minyoo mara tatu mwaka huu, tumbo bado linamsokota, na duka la dawa wanakwambia umwongezee. Nakuomba usimwongezee kwanza. Njia hiyo tumeipita na mwanangu hapa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, alipokuwa na miaka 8.

Kila alipolalamika nilimnunulia albendazoli, kidonge kimoja cha miligramu 400. Anatulia wiki mbili tatu, kisha yanarudi: tumbo, kuharisha, siku nyingine choo kina damu kidogo, na mwalimu ananiambia anasinzia darasani. Zahanati moja walimpima choo mara moja tu wakasema hana kitu. Nikaamini. Miezi minne ikapita hivyo.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja wa maabara, hospitali nyingine. Alinieleza kwamba ile minyoo mirefu inayofanana na nyungunyungu, jike mmoja hutaga mayai kama 200,000 kwa siku, kwa hiyo ukipima choo kidogo tu utayaona. Lakini jike wa kichocho cha tumbo hutaga mayai mia chache tu kwa siku, na mengi hayatoki nje, hunasa kwenye utumbo na ini. Choo kinachowekwa chini ya darubini hakizidi punje ya harage. Ukipima mara moja ukaambiwa hakuna, maana yake hayakuonekana kwenye ile punje. Akataka vikopo vitatu, siku tatu tofauti. Cha kwanza hakikuwa na kitu. Cha pili akaniita nichungulie: yai refu lenye mwiba ubavuni. Hicho ndicho kichocho cha tumbo.

Albendazoli haikigusi: ni minyoo ya aina nyingine, haikai ndani ya utumbo, inaishi kwenye mishipa ya damu inayouzunguka. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake hufuata uzito wa mtoto, ndiyo maana shuleni wanawapima urefu kwanza, wakadirie uzito, kabla ya kuwagawia. Mpe akiwa ameshiba. Wangu alipata kizunguzungu na kichefuchefu jioni ile, asubuhi akawa mzima. Minyoo michanga huweza kuponyoka dawa hiyo, kwa hiyo tulirudi kupima baada ya wiki kadhaa.

Kupeleka choo nako kuna namna yake. Kikopo kiwe kikavu na safi, choo kisichanganyike na mkojo wala udongo, na ukiwahishe maabara, hasa kikiwa cha majimaji, maana amiba hai hazionekani vizuri kikikaa. Na kama mtoto anajikuna matakoni usiku, waambie, kwa sababu ile minyoo midogo myeupe kama uzi mara nyingi haionekani kwenye choo. Wanabandika kipande cha selotepu pale asubuhi kabla hajanawa. Akianza kutapika huku tumbo limejaa na gumu, usisubiri maabara, mkimbize hospitali.

Kuhusu kinga, wengi wanahimiza kunawa mikono na kuvaa viatu. Ni kweli kabisa kwa minyoo mirefu na safura. Ila kichocho kinapenya ngozi majini. Unaweza kunawa kwa sabuni mara kumi, mtoto akaenda kuogelea pale kwenye matete yenye konokono wanaobeba vijidudu vyake, ukarudi ulikoanzia. Sisi sasa maji ya ziwa tunayachota leo, tunayafunika, tunayaogea kesho jioni, kwa sababu vijidudu vyake havidumu muda mrefu bila kumpata mtu. Ya kunywa tunachemsha. Na choo cha shimo tulichokuwa tunaahirisha tumekichimba, kwa kuwa mayai yasipofika ziwani konokono hawaambukizwi.

Ukifika hospitali, waambie mapema kwamba mnaishi karibu na ziwa na mtoto anaogelea. Mimi kule zahanati hawakuniuliza, na sikusema.